Nililolitamka Katika Kipindi cha Saba

Mpendwa Bi. Verna,

Naomba msaada wa safu yako ya ushauri, ingawa kuomba sijazoea, kwani nimehitimu falsafa chuo kikuu na watu wa hapa Saline Bluff hunijia mimi wanapotafuta hoja. Lakini sasa hoja zangu zote ni sahihi na hakuna hata moja inayonifaa.

Nimemchumbia Libby Kucera, na mdogo wake wa kiume, Dane, ndiye yule mrushaji wa besiboli wa mkono wa kushoto wa chuo chetu ambaye mashabiki wa Nebraska nzima wamekuwa wakibishana juu yake tangu theluji iyeyuke, kama timu ya ligi kuu tunayoishabikia imchukue katika mzunguko wa kwanza wa uteuzi wa chipukizi mwezi huu wa Julai, au imchukue yule kijana wa sekondari kutoka Texas ambaye hurusha mpira kama risasi lakini mwenyewe hajui unakokwenda. Mechi ya mwisho ya Dane ilichezwa alasiri moja ya Mei, upepo umelala, mahindi ndiyo kwanza yanachungulia mashambani ng'ambo ya uzio, na maskauti, wasaka vipaji wa timu kubwa, wameketi nyuma ya wavu wameelekeza vipima-kasi vyao. Sisi tulikuwa jukwaani, tukibishana kama ada.

"Wakimwacha Dane wakamchukua huyo mtoto wa Texas," alisema Stan Vavra, jirani wa akina Kucera, "mimi nahamia gofu."

"Gofu watakufukuza kwa kelele," akamjibu mama yake Libby.

"Bega la mtoto wa sekondari ni tikiti maji, bwana," akasema mzee Milo, baba yake Libby. "Hulijui mpaka ulipasue."

Nikamweleza kwamba takwimu hazimuungi mkono kikamilifu.

"Msomi," akacheka, "kula andazi lako la kolache la plamu."

Kisha, sijui kilikuwa kipindi cha ngapi kati ya vile tisa, ubishi ukafifia wenyewe. Wapinzani walikuwa hawajapata pigo hata moja safi, na wewe wajua, Bi. Verna, kwamba jambo hilo linapokuwa linatokea halitajwi, mrushaji asije akapata mkosi. Hakuna aliyeutangaza mwiko. Uliingia tu, kama ukungu uingiavyo bondeni, na mama yake Libby hakuthubutu kukihamisha kikombe chake cha mbegu za alizeti kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na Stan, aliyekuwa amebanwa na haja, hakuthubutu kuinuka, na kule benchini wachezaji wenzake Dane walimwachia nafasi kulia na kushoto, akaketi peke yake kama mtu aliyelala macho wazi. Aliporudi kurusha, mpira ulimtoka mkononi bila haraka, ukaelea, ukasita hewani kana kwamba unawaza, kisha ukazama chini ya rungu la mpigaji. Nilihisi kwamba sote tumo ndani ya usingizi wa mtu mmoja, na kwamba usingizi huo ulikuwa mwema.

Katika kipindi cha saba akafika shabiki aliyechelewa. "Vipi, mambo yakoje?" akauliza. Stan akamtikisia kichwa. Nikamjibu mimi, kwa sauti niliyoijua itafika benchini na uwanjani: "Hawajapata pigo hata moja. Dane anaandika historia."

Dane aligeuza shingo. Mpira wake uliofuata ulipigwa vibaya, ukapaa kivivu, ukaangukia kwenye nyasi mahali pasipokuwa na mtu, likawa pigo lao la kwanza. Tangu hapo alipoteza shabaha. Akawaachia wapigaji wawili waende kituoni bure, na aliyefuata akaupeleka mpira nje ya uzio. Maskauti wakaanza kufunga mikoba.

"Mdomo wako huo!" akasema mzee Milo. Ni hayo tu.

Sasa wachambuzi wamemshusha Dane katika makadirio yao. Uteuzi ni Jumapili, akina Kucera na majirani watakusanyika barazani kusikiliza majina, na mzee Milo amesema sitaketi pale kabla sijamwomba Dane radhi. Nimewaeleza kwa utaratibu kwamba sauti haipindi mpira. Kwamba mrushaji anayekutana na wapigaji wale wale mara ya tatu huanza kusomeka. Kwamba kuomba radhi kwa tendo lisilo na athari ni kukiri uchawi. Libby alinisikiliza hadi mwisho, akavua pete, akaiweka kiganjani mwangu.

"Ansel," akasema, "mimi sijakuuliza habari za mpira. Jumapili njoo na samahani, au usije."

Na kila alfajiri nauota mpira ule ukielea, naamka kabla haujaanguka. Nampenda Libby. Je, niombe radhi kwa kosa ambalo akili yangu inajua halipo, au nisimamie ukweli nimpoteze?

Ansel, Saline Bluff

*

Ansel,

Pole, mwanangu. Pete iliyorudishwa ni nzito kuliko pete iliyotolewa. Sasa keti nikwambie.

Kuhusu mpira uko sahihi. Haya, umeshinda; beba ushindi wako ukale nao chakula cha jioni, ninyi wawili tu. Lakini nani alikushtaki kwa kuupinda mpira? Soma barua yako: sauti "uliijua itafika." Mtu asiyeamini mwiko hana haja ya kupaza sauti ili auvunje. Kila mtu jukwaani alikuwa ameona ulichokiona wewe. Stan Vavra, ambaye kwa maelezo yako hakosi neno, alinyamaza na kibofu kimejaa! Walikuwa wakimpa kijana yule kitu pekee ambacho jukwaa linaweza kumpa mrushaji, yaani kumwacha. Wewe ukawasha taa katika usingizi wa watu ili uonekane umesimama mlangoni. Hilo ndilo kosa, na halihitaji uchawi.

Wala usikimbilie upande wa pili ukalia kwamba umeyaharibu maisha yake. Skauti anayefunga mkoba kwa sababu ya kipindi kimoja hakuwa amekuja kununua. Kujiona chanzo cha kila balaa nako ni majivuno, yamevaa gunia tu.

Nenda kabla ya Jumapili. Nenda kwa Dane kwanza, si kwa baba yake, wala kwa Libby. Mwambie: "Nilikuingilia ukiwa kazini. Nisamehe." Usiweke "lakini" nyuma yake. Habari za mara ya tatu ya wapigaji ziache nyumbani. Akicheka, cheka naye. Akikufukuza, ondoka, urudi kesho. Pete usiichomoe mfukoni mpaka Libby mwenyewe aiulizie.

Jumapili keti utakapoonyeshwa, hata kama ni kwenye ngazi. Majina yatasomwa. Huenda mzunguko wa kwanza ukapita bila jina la Dane, na baraza zima litatazama sakafu, nawe utakuwa unaijua sababu, umeihifadhi kichwani pamoja na takwimu zake zote; iache humo humo. Mmiminie mama yake chai ya baridi, urudi ngazini, ukae.

Bi. Verna