Yaya, Vibasi Vyote Saba Vinasimama

Yaya Anzurani, mkubwa wangu,

Nianze na habari yenyewe, maana hukupenda mtu anayezunguka: vibasi vyote saba vinasimama. Ukikanyaga freni, vinasimama. Nimekwisha kuwaambia watu wote wa nyumbani, nimewaambia majirani, lakini bado naona kama sijamwambia mtu, kwa sababu sijakwambia wewe.

Tangu tukuzike mvua imenyesha na kukatika, na mimi ningali hapa garajeni. Wale waliosema nitaifunga baada ya matanga wamechoka kungoja. Kibao cha mlangoni nimekipaka rangi upya, buluu, maana ile nyekundu uliyoipenda haikupatikana sokoni. Utanisamehe. Nimeanza kuzoea kufungua mlango peke yangu. Kunywa chai bila wewe kuninyang'anya kikombe, hilo bado.

Sasa sikiliza. Unavijua vile vibasi vidogo vya zamani, ndugu za kile cha marehemu baba, vyenye mlango wa kusukuma pembeni. Vimebaki saba mjini. Mwezi wa kwanza baada yako alikuja mwimbishaji wa kwaya, akasema pedali ya freni inazama mpaka chini, halafu akikanyaga mara mbili tatu inarudi kama vile haikufanya kosa. Wiki ileile akaja Mama Sifa, anayeleta mchele kutoka Tunda. Jambo lilelile. Kisha mwalimu wa madrasa. Wote watatu walikuwa wamebadilishiwa plaketi, vile vibao vya kubana gurudumu, na mafundi wengine, na mafuta ya freni yanazidi kupungua, lakini chini ya gari huoni hata tone.

Niliingia chini ya gari ya kwaya asubuhi, nikatoka mchana, sikuona kitu. Nilikaa kwenye vumbi nikijisemea kwamba wewe ungejua. Nilikukasirikia kidogo, Yaya. Mtu anakufaje na mambo yote kichwani namna hiyo? Halafu nikakumbuka arusi ya Furaha.

Ilikuwa wakati wa vita. Mji umefungwa, treni haifiki, mafundi wamekimbilia porini, na wewe ulikuwa umeanza kufungua gari ya baba kwa mikono yako kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuifungua. Mafuta ya freni hayakupatikana Kindu nzima, ukatia maji ya sabuni. Tulikuwa na njaa sote, lakini binamu yetu Furaha alisema kama ni kufa, atakufa ameolewa. Bwana arusi alikuwa ng'ambo, Alunguli. Tukampakia Furaha na shangazi zake wanne na sufuria ya wali uliochangwa nyumba kwa nyumba, tukateremka kuelekea mtoni.

Nilikuwa nimekaa karibu yako. Katikati ya mteremko niliona mguu wako umefika chini kabisa na gari inazidi kukimbia. Hukupiga kelele. Uliniambia tu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, “Salima, shika bibi arusi.” Ukarudisha gia kwenye vitesi vidogo, kimoja baada ya kingine, mashini inalia, ukakata kona kushoto, tukapanda tuta na kuingia katika shamba la mihogo. Tuliposimama, mto ulikuwa hatua chache chini yetu.

Shangazi walikuwa wamelaliana. Furaha akatoa kichwa katikati yao akauliza kama wali umemwagika. Haukumwagika. Mwenye shamba, bibi mmoja mjane, alikuja mbio na jembe amekasirika, akaona shela, akaweka jembe chini. Bwana arusi alipelekewa habari, akavuka na mtumbwi pamoja na watu wake, na arusi ikafanyika palepale juu ya mihogo iliyolala. Yule mjane alicheza kuwashinda wote. Ulipokuwa unakula, uliniambia, “Gari ya kutembea kila muntu iko nayo. Ya kusimama njo gari yenyewe.”

Kesho yake uliingia chini ya gari ukafumba macho. Nilidhani umelala. Kumbe ulikuwa unafuata tiyo ya freni, ule mrija wa mafuta, kwa vidole, kutoka pedali mpaka gurudumu la nyuma. “Jicho linaishia ku bati,” ulisema. “Mukono unapita nyuma yake.” Na huko nyuma ya bati ulikuta tundu.

Hilo ndilo nililokuwa nimesahau. Nikarudi chini ya gari ya kwaya, nikafumba macho yangu, nikapitisha mkono. Juu ya ekseli ya nyuma, pale bati linapohifadhi matope ya barabara zetu mwaka mzima, tiyo ilikuwa imeliwa na kutu ikakwaruza kama magamba ya samaki, na vidole vyangu vikatoka vimelowa. Mafuta yalikuwa yanaishia kwenye yale matope, ndiyo sababu hayakudondoka. Nikapima ya Mama Sifa, nikapima ya mwalimu. Palepale, zote. Nililia kidogo huko chini, Yaya, lakini si kwa huzuni.

Nikatangaza redioni, msikitini na makanisani kwamba mwenye kibasi cha namna ile akilete. Vililetwa sita. Cha saba ni cha Papa Kasongo, yule shofere mzee anayejibu kabla hujauliza. Yeye alipita kujaza upepo tu. Ndani alikuwa amepakia timu ya mpira ya wasichana, wanaimba, wanakwenda Kampene. Nilimweleza habari ya tiyo. Akasema freni yake imeshika hapo mlangoni, sikuona? Akaongeza kwamba Anzurani asingemchelewesha hivi.

Hilo liliniuma. Nikatoa ufunguo kwenye kontakti nikaufunga katika pindo la kikwembe changu. Alikasirika, wasichana wakachungulia madirishani, watu wakaanza kusimama njiani. Niliogopa, siwezi kukudanganya. Kama tiyo yake ilikuwa nzima, kesho nani angeleta gari kwangu? Nikamwambia, “Papa Kasongo, kanyaga na nguvu yako yote, uhesabu mpaka kumi. Ikishika, nakupa ufunguo wako.”

Alihesabu kwa sauti ili kila mtu asikie. Alipofika sita, kitu kikalia chini, pu, kama chupa inayozibuliwa, na mguu wake ukaenda mpaka sakafuni. Mafuta yakatiririka kwenye vumbi. Aligeuka akatazama nyuma. Kipa wa timu ni mjukuu wake. Alikuwa amekaa nyuma yake kabisa. Baadaye akashuka, akavua kofia, akasema taratibu, “Aksanti, mama.” Mzee yule, kuniita mimi mama.

Tiyo mpya zilikuja na ndege kutoka Goma. Tulipozingoja, kwaya ilikwenda kwa miguu ikiimba, na Mama Sifa alinitukana kila asubuhi alipopita, halafu kila jioni akaniletea bakuli la sombe. Nimefunga zote saba kwa mkono wangu na kung'oa matope yote nyuma ya bati. Wasichana wamekwenda Kampene. Wamefungwa mabao matatu kwa moja, wamerudi wakicheza kama wameshinda.

Na Papa Kasongo amekuwa askari wa freni. Anasimamisha kila gari barabarani, anamwambia shofere akanyage na kuhesabu. Leo alimsimamisha hata kijana wa baiskeli aliyebeba bidoni za mawese, akamtaka aonyeshe freni yake. Kijana akainua mguu anaousugulia tairi ili asimame: ndala imetoboka mpaka kisigino kinaonekana. Papa Kasongo aliinama akaikagua, akasema hiyo ndala ibadilishwe kabla ya safari. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Basi, Yaya, nakuacha upumzike. Naahidi kwamba kila mwaka, kabla ya mvua kuanza, nitawaita wote saba, na atakayekataa nitamfuata mpaka kwake. Naahidi pia kula kabla ya kuanza kazi, kama ulivyonigombeza. Jumapili nakuja kupalilia kaburi lako. Nitakuja kwa miguu, usishangae. Magari yote yana kazi.

Mdogo wako,
Salima