Mama Mkwe Kadandia Gari la Baba

Shoga, nimekufa kwa aibu! Mama mkwe wangu mtarajiwa kadandia gari la baba likiwa linatembea!

Si unajua lile kongwe likisimama tu injini inazima? Baba kaenda kumpokea stendi, akaogopa kusimama. Akawa anamzunguka tu huku anapiga kelele: "Mama, rukia! Mlango uko wazi!"

Na yule mama, na gauni lake la heshima, KARUKIA.

Humo ndani akauliza, "Breki zipo?"

Baba: "Zipo, ila tusizisumbue."

TUSIZISUMBUE, shoga!

Wakaingia uani, wakazoa kamba ya nguo, wakagota kwenye lundo la mchanga. Mama mkwe akashuka na shuka letu kichwani.

Akasema, "Harusi ipo. Ila hilo gari lisialikwe."

Nimelia kwa furaha. Baba kanuna.