Pikapu Iliyokuwa Mke Mwenza

Akinyi mjukuu wangu,

Huku Bondo tumeamka wazima, na mahindi ya mamako yameota. Unauliza kama utaweza kubadilisha mwenyewe manifoldi ya ekzosi ya gari lako iliyopasuka, kile chuma cha kutolea moshi kwenye injini. Utaweza, ila usiwe na haraka.

Pikapu ya babu yako nilikuwa naiita mke mwenza. Manifoldi yake ilipopasuka, babu yako alizipaka mafuta nati zenye kutu, akangoja, akapaka tena, akizibembeleza kwa sauti ambayo mimi sikuwahi kuisikia.

“Na mimi mbona hunibembelezi?” nikamwuliza.

“Nati ukiilazimisha inakatika, Mama.”

Nilinuna siku nzima.

Leo yeye hayupo. Muuza samaki aliyeinunua ile pikapu hupita nayo hapa kila asubuhi, ikinguruma kwa upole, nami bado naona wivu. Mke mwenza anatembea na nati alizokaza babu yako.

Nyanyako