Ulimi wa Tomi

Jumatatu, 3 Juni
Kupogoa chai tena, safu za chini. Baridi kali. Kisu kiliteleza kikanikata kidole gumba. Nilipoketi jikoni, mbwa wetu Tomi akaja kukilamba. Nilitaka kumfukuza. Mama mkwe akanikataza: ulimi wa mbwa ni dawa, hata yeye humwachia visigino vyake vilivyopasuka kila jioni. Nikamwacha alambe.

Alhamisi, 6 Juni
Tomi hali. Amejificha chini ya ghala la mahindi, akitoka ni kuuma kuni tu. Kubweka kwake kumekuwa kama sauti ya mtu aliyekauka koo. Mama anasema mbwa huona mapepo, basi ameyaona. Sipendi macho yake.

Jumamosi, 8 Juni
Amekufa asubuhi, mdomo umejaa mate. Daktari wa mifugo alikuja na glavu. Akauliza kama ameuma mtu. Hapana. Akauliza kama amelamba mtu mwenye kidonda. Nikamwonyesha kidole changu, nikamtajia visigino vya Mama.

Alisema mate ndiyo hubeba kichaa cha mbwa. Ugonjwa ukishaanza, kupona hakuna. Kichwa cha Tomi kinaenda kupimwa, lakini tusingoje majibu. Tuoshe vidonda kwa sabuni na maji ya kutiririka robo saa nzima, kisha twende hospitali Embu leo leo.

Mama amekataa. "Mbwa wamenilamba tangu nikiwa msichana. Nenda wewe."

Nimeenda peke yangu. Sindano mkononi, nyingine kuzunguka kidole. Nimelia njiani.

Jumapili, 9 Juni
Sikwenda kanisani. Kila nikimeza maji, najisikiliza kama koo bado linakubali. Nikimwona Mama akimeza, namsikiliza yeye. Nimempigia mume wangu, Njeru, huko Mikinduri anakofundisha. Anakuja kesho.

Jumatatu, 10 Juni
Njeru alifika saa nne. Hakubishana na mama yake. Alipiga magoti, akaanza kumwosha visigino kwa sabuni. Mama alimwona akisuuza na kuanza upya mara ya tatu.

"Unaogopa, Njeru?"

"Naogopa sana, mama."

Mama akaomba sweta yake, tukaenda hospitali. Saa nane alikuwa ameshadungwa. Nilimuuliza muuguzi kama siku mbili zilizopotea zitatudhuru. Alisema tumefanya vizuri kuja. Hilo si jibu.

Jumatano, 12 Juni
Daktari wa mifugo amepiga simu. Ni kichaa.
Naogopa. Sina lingine la kuandika.

Jumatano, 10 Julai
Sindano zimekwisha, zangu Jumamosi, za Mama juzi. Tuko wazima.

Leo jirani yetu Mama Muthoni alipita akichechemea. Jembe lilimkata mguu jana na mbwa wake amekilamba kidonda. Mama akamwambia aoshe kwa sabuni, aende zahanati sasa hivi. Mama Muthoni akacheka. Akamkumbusha ni yeye aliyewafundisha wote kwamba ulimi wa mbwa ni dawa.

"Ni mimi," Mama akasema. "Nilikosea."

Akavaa viatu, wakaenda pamoja.