Kwa Mama Mdogo Asiyezaliwa

Jumamosi, 14 Agosti 1954

Eda imekwisha, Idd imepita, na leo nimesema uongo mkubwa. Haukunipa shida hata kidogo!

Shemeji Mwinyimvua kaja tena baada ya adhuhuri. Siku hizi hapigi hodi, anakohoa tu. Kiti chake alishakileta tangu juzi — ati barazani kwangu kuna upepo. Kwake ni ng'ambo ya njia, upepo ni uleule! Akarudia maneno yake: marehemu Rajabu alikuwa kaka yake, nyumba ya kaka haiachwi ikalala giza, mimi mtu mzima, yeye mtu mzima, na mke wake Hija hana neno. Anataka jibu.

Nikasema jibu nitatoa nikirudi.

Ukirudi kutoka wapi? akauliza.

Hapo mdomo ukanitangulia. Mombasa, nikasema. Kwa mama mdogo Zuleha, mdogo wake marehemu mama, aliolewa huko zamani sana. Sijapata kumwona. Nikamsalimu kabla mmoja wetu hajafa.

Mama yangu alizaliwa peke yake, Kiwangwa, hana kaka wala dada. Lakini mimi nililetwa mjini hapa kuolewa, nani anajua ukoo wetu wa shamba?

Kweli yenyewe ni hii, naiandika humu kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuiweka. Nataka kupanda meli. Nizunguke nayo, nirudi nayo. Basi! Rajabu alikuwa karani wa forodha, anaijua kila meli kwa moshi wake, na kila mwaka aliniahidi: mwakani, Mwanaharusi, mwakani. Mwenyewe alikuwa akisimama tu pwani kichefuchefu kinamshika. Halafu kafa. Nami nikakaa ndani miezi minne na siku kumi natazama ukuta. Ukuta ule naujua kuliko uso wangu. Sasa nataka kutazama kitu kisicho na upande wa pili, na mtu asiniulize nawaza nini.

Lakini neno hilo hulisemi kwa watu. Hapa mtu husafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa mgonjwa au kwa biashara. Mwanamke kusafiri kwenda kutazama maji — huyo ana wazimu au ana bwana.

Jumatatu, 16 Agosti

Uongo umezaa.

Tangu alfajiri watu wanaleta mizigo ya mama mdogo Zuleha. Ubani. Kanga. Visheti vya kutosha harusi nzima. Mtu haendi safari mikono mitupu, najua, lakini mama huyu hajazaliwa!

Bibi Sada wa nyumba ya pili ndiye kanimaliza. Kasema anamkumbuka Zuleha vizuri sana. Mnene, ana mwanya, akicheka paa linatikisika. Nikamwuliza, bibi, una hakika? Akanikasirikia. Mimi mtoto wa juzi nitamfundisha yeye watu?

Sasa nami nimeanza kumwona, na ule mwanya wake.

Shemeji kaleta papa mkavu. Mzima! Anamfikia mtu kifuani, na harufu yake inatangulia hatua kumi. Zawadi ya mkwe kwa mkwe, kasema. Mkwe! Kisha akauliza nitasafirije bila maharimu, mwanamume wa ukoo wa kunisindikiza. Nikamwambia sitahani nitakuwa na wanawake wenzangu, waja wa Mungu, tena wengi. Akakohoa.

Jioni Hija kaja na chupa ya achari. Kaangalia huku na huku, kaninong'oneza: kubali tu, dada, tutagawana, mimi nimechoka kumkanda mgongo. Hiyo ndiyo posa ya kweli kuliko zote.

Jumanne, 17 Agosti

Nimo melini! Naandika juu ya mkeka wangu, sitahani, na penseli ya Rajabu.

Basi lilipita Zinga salama. Kerege mtu kalisimamisha kwa mikono miwili — nikadhani msiba. Kumbe habari zimenitangulia. Kikapu cha korosho, za Bi Zuleha, msalimu sana. Dereva akasema mama huyo lazima ni mtu mkubwa. Nikasema sana.

Dar es Salaam mashua ikatuchukua mpaka ubavuni mwa meli. Ina jina la Kizungu, mabaharia wanaiita Kobe, na ukiiona inavyojivuta unajua kwa nini. Papa kapandishwa kwa kamba. Watu wa juu, wenye vitanda, walishika pua. Ahsante shemeji.

Nikachagua mahali pembeni, nyuma kabisa, pa kutazama maji. Sijakaa sawasawa, wanawake wawili wa Tanga wakaja. Salamu zote, mpaka za mbuzi. Kisha: unakwenda kwa nani?

Nikafikiri, hapa hanijui mtu, uongo wa nini? Nikasema siendi kwa mtu. Natembea tu.

Wakatazamana. Wakaenda kando, wakarudi watano. Mmoja ananipa maji ya kombe, yenye aya za Qurani, ninywe. Mmoja ananiuliza polepole kama mume ananipiga. Wa tatu kanishika kipaji cha uso. Wakahamisha mikeka yao yote wakanizunguka nisije nikajitupa baharini. Nilipanda meli nikae peke yangu, sasa hata kujikuna sina nafasi.

Mara mkono ukanyakua mto wangu. Mwanamke mnene, na kilemba chekundu. Akauliza mtu wa wapi mimi. Bagamoyo, nikasema. Akapiga kigelegele! Kumbe Mnyamwezi, Bi Mosi, anakaa Lindi na mumewe, mkongeni, anakwenda Mombasa kumtazama dada yake kisha anarudi na Kobe hii hii.

Sisi watu wa Mrima, pwani hii yetu, na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akitaka chako anachukua, nawe utakikomboa. Akikutukana, ruksa. Kukasirika ndiyo haramu.

"Babu yangu alibeba pembe begani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo," kasema, "babu yako kakaa kivulini anakunywa kahawa. Mto huu ndio shukrani yake."

Nikaukomboa kwa visheti. Akala, akacheka. Chuma cha sitaha kikatikisika — naye ana mwanya!

Astaghfirullah. Mama mdogo kapatikana.

Alhamisi, 19 Agosti

Jana sikuandika. Nilitapika. Unguja nimeiona kwa jicho moja. Rajabu, nisamehe yote niliyosema juu ya tumbo lako.

Leo ndimu na chumvi, nimekaa. Wanawake wa Tanga wameshuka kwao, wameniombea dua ndefu. Mmoja kaniachia hirizi.

Bi Mosi kaniuliza habari za mume. Nikamweleza: karani, mtu mpole, ahadi ya meli, mwakani, mwakani, kisha homa, kisha basi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa.

"Kafa makusudi," kasema. "Kaona ahadi imekuwa kubwa, pa kukimbilia hana, akaona heri kaburini kuliko melini."

Nilicheka mpaka nikalala chali. Kicheko cha kwanza tangu Machi. Kisha kikageuka, nikalia, kwa sauti, mbele za mabaharia, na kamasi. Nilimpenda yule mtu. Katika matanga yake hapakuwa na mtani hata mmoja wa kututukana vizuri. Wote walisema alikuwa mwema, wakala wali, wakaenda zao. Nilikuwa nimebaki nao moyoni huo msiba, mzima, kama papa wa shemeji.

Bi Mosi akanipangusa uso kwa ncha ya kanga. Kanga yangu. Halafu akaichukua.

Ijumaa, 20 Agosti

Mombasa! Watu! Baiskeli! Mtu kaniuliza njia, mimi!

Kobe analala bandarini mpaka kesho. Nilikusudia kutembea peke yangu. Bi Mosi kasema haiwezekani, mali yake haiachwi ikazurura. Kwa hiyo nimefikia kwa dada yake, nyumba ya makuti, na papa mkono mmoja. Tukampika kwa nazi. Alikuwa mtamu, sina budi kusema. Nimeila zawadi ya mkwe mimi mwenyewe nikajilamba vidole. Ubani tukafukiza. Achari ya Hija imekwisha, na kila tulipochovya tulimwombea mgongo.

Niliwaeleza kisa cha Zuleha. Dada mtu alicheka mpaka akatoka nje. Bi Mosi hakucheka. Kaniuliza: na huyo shemeji, unamtaka?

Nikasema si mtu mbaya. Atalinda nyumba. Watu watanyamaza.

Kasema hakuniuliza hayo.

Jioni nikanunua sabuni ya waridi dukani kwa Mhindi. Ya kwangu. Sijapata kununua kitu kisicho na kazi ya mtu mwingine. Bi Mosi kainusa kwenye karatasi yake, kaniangalia kwa jicho la mtani. Nikaificha chini kabisa mkobani.

Jumapili, 22 Agosti

Nimepata!

Tumetoka Tanga. Sitaha imejaa watu wapya na kuku wao. Nikaenda nyuma kule pembeni, nikaketi. Haikupita kitambo akaja bibi mmoja: unakwenda kwa nani, mwanangu? Kabla sijajibu, Bi Mosi kamzuia kwa mkono. Mwacheni huyo, kasema, mtu wa Mrima, nimemteka, mimi ndiye namlisha. Akatandika mkeka wake njiani, akaketi hapo na mwili wake wote. Hakupita mtu.

Basi nikatazama maji. Muda mrefu. Mpaka samaki warukao nikawazoea. Hakuna aliyeniuliza nawaza nini, nami sikuwa nawaza kitu. Nilifurahi. Naandika tena nisije nikakana baadaye: nilifurahi.

Kisha mawazo yakaja, hayana adabu. Kesho Dar es Salaam. Kesho kutwa kile kiti barazani.

Nikimkubali shemeji, najua siku zangu zote zitakavyokuwa. Atakohoa. Nitatia chai. Nikimkataa, atakohoa vilevile, na mtaa mzima utakohoa naye. Nikamwambia Bi Mosi. Kasema Kobe anakwenda mpaka Lindi, na nauli ya mbele hulipwa hata humu humu ndani. Lindi kuna nini? nikauliza. Hakuna kitu, kasema. Maji, na mimi.

Nikasema hayo ni maneno ya wazimu.

Kasema ndiyo, na akachukua chanuo langu.

Jumatatu, 23 Agosti

Dar es Salaam. Nanga imeshuka. Naandika upesi.

Wanaoshuka wameitwa. Mashua zimefika chini ya ngazi — na katika ile ya kwanza, chini ya mwavuli, nani? Shemeji! Kaja mwenyewe kutoka Bagamoyo kunipokea. Kavaa kanzu ya Idd. Uso umekuwa rangi ya ndizi mbichi. Kumbe kichefuchefu ni cha ukoo. Nimemwonea huruma, kweli. Kajitesa kwa ajili yangu.

Akaita: mama mdogo hajambo?

Sijafungua kinywa, Bi Mosi kainama ukingoni.

"Sijambo, baba! Ndiye mimi!"

Na mwanya wake wote nje. Shemeji akashika kofia isianguke. "Shikamoo, mama!" Marahaba, kaitikia, kama aliyekuwa akiingojea shikamoo hiyo maisha. Na papa alikuwa mtamu, Mungu akuzidishie. Shemeji akafurahi mno. Kasema Bibi Sada alimweleza, hata mwanya!

Halafu habari zake, kwa sauti, mashua yote inasikia. Chumba changu kimepakwa chokaa. Kitanda chake kimeshahamia. Kadhi kaambiwa ndoa ni Ijumaa. Nishuke, shemeji, basi la Bagamoyo halingoji mtu.

Kitanda! Mimi jibu sijatoa, kitanda kimeshatoa.

Nikainama nivae viatu. Havipo.

Bi Mosi kavikalia. Anatafuna korosho za Kerege, anatazama upande wa kusini. Nimemwambia vitoe. Kasema mila ni mila, vikombolewe. Kwa kitu gani? Kwa sabuni ya waridi. Bila sabuni havitoki, nami peku sishuki, mjane wa karani wa forodha mbele ya mji mzima! Shemeji anauliza nangoja nini. Nimemjibu mama mdogo ana neno nami kidogo. Kasema haya, mkubwa ni mkubwa, na akatapika upande wa pili.

Karani wa meli kapita akiuliza nani anaendelea Lindi. Nikatia mkono mkobani. Kasema atarudi.

Honi imelia mara moja. Bi Mosi kanyoosha kiganja anangoja, hanitazami. Sabuni ninayo. Nimeishika hapa ndani ya mkoba, na inanukia hata ikiwa kwenye karatasi.