Uuambie Mfumo Nimefika

Hamburg, 14 Januari 2025

Yeyo mpendwa,

Takwenya. Habari za Karatu, na mguu wako unaendeleaje na baridi ya asubuhi? Mimi mzima, ila nimekuwa mzito, viatu navaa kwa kubahatisha. Tangu Jumapili sijaongea Kiswahili na mtu. Kazini naongea kutwa na wateja wa ndege. Wanapiga simu kutaka kubadilisha safari, natazama kompyuta, nawaambia mfumo umekubali au umekataa. Nikirudi nyumbani nanyamaza mpaka kesho yake.

Sasa furahi, tiketi yako imetoka! Unapanda ndege uwanja wa Kilimanjaro mpaka Dar, Dar mpaka Ulaya, halafu kindege kidogo mpaka hapa. Ile safari ndefu nimekuchagulia kiti 31A, dirishani. Daktari anasema mtoto ni mwisho wa Februari. Baba yake hatakuwepo, hilo tulishaongea likaisha. Naogopa kuzaa peke yangu, Yeyo, sikufichi.

Mwanao,
Nanyokie

Karatu, 2 Februari 2025

Mwanangu Nanyokie,

Iko! Takwenya yako nimeiitikia. Barua yako Simon wa gereji amenionyesha kwenye simu yake, na hii yangu ataipiga picha akutumie kama kawaida. Sijambo, mbuzi hawajambo, mguu unauma palepale. Wenzangu kanisani wameshaanza kuniita Mjerumani.

Shuka la kumbebea mtoto nimenunua, jekundu. Ila siwezi kuja nalo hivihivi, bila mjomba wako Parmuat kulibariki. Tangu ahamie Handeni na ng'ombe wake hatujaonana. Hilo niachie mimi. Wewe kula, ulale, usiinue vitu vizito.

Yeyo wako

Dar es Salaam, 19 Februari 2025

Nanyokie mwanangu,

Hujambo? Nimekupigia kwa simu ya dada mmoja hapa uwanja wa ndege, anaitwa Eva, hupokei. Ndiye atakayekutumia barua hii.

Sikupanda Kilimanjaro. Nilichukua basi mpaka Handeni kwa mjomba wako, akalitemea shuka maziwa, akaliombea watoto na ng'ombe, nikalala hapo. Nikaona kurudi Kilimanjaro ni kuzunguka bure wakati Dar iko mbele yangu. Si nina kiti? Nikilipia basi Karatu nikapandia Mto wa Mbu, kondakta ananiwekea kiti changu, hata mtu akikikalia anainuliwa. Nikajua nitapandia njiani.

Eva ametafuta jina langu. Anasema mfumo ulinisubiri Kilimanjaro, sikutokea, basi ukafuta safari yote, mpaka kurudi. 31A kimeshapewa mwingine na ndege imejaa. Nikamwambia, huo mfumo ungeniuliza. Akasema hauulizi mtu, na yeye akibonyeza unamkatalia. Amenisikitikia kweli.

Wewe ndiye unayeongea nao kila siku. Uuambie nimefika. Nimekaa hapa mlangoni na shuka langu.

Yeyo wako

Karatu, 9 Machi 2025

Mwanangu,

Hujambo? Najibiwa na ukimya tu. Nimerudi nyumbani, na tarehe za viza zimeshapita. Kama una hasira, una haki, lakini niandikie neno moja nijue uko hai. Simon anachoka, kila nikimwona namuuliza simu yake imelia.

Shuka nimempa mama mmoja wa Kijerumani aliyelala lodge anakosafisha Sintamei, jirani yetu. Ameahidi kukufikishia.

Yeyo wako

Hamburg, 27 Machi 2025

Yeyo wangu,

Takwenya. Nisamehe ukimya. Uliponipigia nilikuwa nimeshikwa na uchungu, mapema kuliko tulivyotegemea. Barua yako niliisoma kitandani. Nilimpigia mwenzangu wa zamu, Doreen, afungue safari yako. Akaniambia maneno yaleyale ninayowaambia wateja, kwa upole uleule. Nikalia mpaka nesi akadhani ni maumivu.

Ni msichana. Nilimshika mimi, hapakuwa na ndugu mwingine. Kisha nikakaa wiki nyingi siwezi kuandika, kwa sababu kila siku ninawauliza wageni kama watapanda kila ndege, na wewe sikukuuliza.

Shuka limefika. Linanuka moshi na maziwa. Mtoto analala humo, hata kulifua sitaki.

Doreen alinionyesha jina lako kwenye kompyuta. Pembeni pameandikwa: hakutokea.

Mwanao,
Nanyokie

Karatu, 30 Machi 2025

Nanyokie mwanangu,

Iko, iko! Nimefurahi mpaka nimekaa chini. Usimpe jina bado, nisubiri. Utakapopata likizo mlete, na mpande ndege zote, hata kama kuna njia fupi. Mjomba wako nitamwita aje Karatu.

Hilo neno la kwenye kompyuta liache. Mjomba wako anajua nilipita, Eva alinipa chai, na mtoto analala kwenye shuka.

Jioni huwa namfikiria yule aliyekaa 31A. Kilikuwa dirishani. Natumaini na yeye kuna mtu alikuwa anamsubiri.

Yeyo wako