Jiko Lililosubiri Muhuri

Hamriya, Muscat
4 Februari 2026

Kwa dada yangu mpenzi Nadra,

Shikamoo, dada. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Hatem na mjukuu wenu Noof, na mama magoti yamempungua kuuma. Huku sisi, mie na mke wangu Manal, tu wazima, ila uchovu tu. Muscat kuna ubaridi mzuri wa kuvaa shati la mikono mirefu. Najua huko Maine ukisoma neno ubaridi kutoka kwangu utacheka. Cheka, nimekuruhusu.

Kwanza nikupe khabari ya bahati yangu, maana mdogo wako bahati inamjua kwa jina. Kazini wamenipa gari lenye dereva. Asubuhi nasimama tu nje, gari linakuja, mlango unafunguka, nakaa dirishani kama balozi. Bwana Hisham mwenye ofisi kasema Mkuu wa Kitengo cha Kodi za Marekani haifai ahangaike na usukani. Jioni narudishwa hivyo hivyo, miguu haijui vumbi.

Nimeyaandika hayo kwa wino na hayafutiki, basi yaache hapo hapo, tutayarudia. Nimechagua barua na si simu kwa sababu simu yenu mnaiweka mezani na sauti juu, mama anasikiliza, Hatem anasikiliza, na mie nikijua nasikilizwa na watu naanza mzaha. Hili la leo si la mzaha. Ni la jiko.

Unakumbuka Oktoba, mama alipofika kwenu kumwona Noof. Kwa wiki moja tu alishaanza kusali na makoti mawili, na kwenye simu kanambia maji ya kutawadhia ya nchi hiyo yana meno. Hatem akasema mnunue jiko la kupashia nyumba moto, hili linalokula tembe za unga wa mbao, ambazo mama mpaka leo anaziita chakula cha kuku. Jiko pamoja na fundi, dola elfu tano na mia mbili. Jirani yenu akakwambieni kwamba serikali hukupunguzia katika kodi yako asilimia thelathini ya gharama, madhali jiko halipotezi moto wake bure na kiwanda kimetoa cheti cha kusema hivyo. Ukapiga hesabu ukaona kama dola elfu moja na mia tano na sitini zitarudi. Ukasema hizo ndizo tiketi ya mama, afike nyumbani kabla ya Idi.

Ukanipigia mie, kwa sababu miaka miwili nimekwambia kodi za Marekani ndiyo kazi yangu. Na mie, mtu ninayeishi nchi ambayo mshahara haukatwi kodi hata baisa moja, sijapata kuiona fomu ya kodi kwa macho yangu, nikakohoa kama kadhi nikakwambia niachie mie.

Swali langu la kwanza likawa, hicho cheti kina muhuri? Ukasema hakina, ni karatasi tu iliyokuja ndani ya bahasha ya kiwanda. Nikakucheka. Nikasema karatasi isiyo muhuri ni ya kufungia maandazi. Nikakutaka unitumie yenyewe, si picha, na boksi lisifunguliwe wala fundi asiliguse mpaka karatasi irudi, asije afisa akasema mmekitumia kitu kabla hakijaidhinishwa. Hatem akauliza kama kweli ni lazima. Nilikusikia kwa masikio yangu ukimjibu kwamba ndugu yako anaifanya kazi hiyo kila siku.

Dada, sikusema kwa ubaya. Hapa ndivyo maisha yalivyo. Gari, nyumba, mtumishi, mtoto mchanga, vyote vinagongwa muhuri kwanza ndipo vitumike. Mie nimezeeka kwenye foleni hizo, sikudhani kuna nchi duniani inayowaamini watu wake bila wino.

Cheti kilinifikia katikati ya Novemba. Nikakipeleka kwanza kwa mfasiri, akakitia Kiarabu na muhuri wa buluu. Nikenda kaunta ya pili, ya serikali, kwa bibi mmoja jina lake Wadha. Akakisoma, akakigeuza nyuma, akaniuliza watu wa nyumba hiyo wana maradhi gani hata wawashe moto ndani. Nikamwambia wana Marekani. Akauliza jiko linaingia Oman? Nikasema la. Linatoka Oman? La. Basi, kasema, limefika vipi mbele yangu mie? Foleni nzima nyuma yangu ikacheka, na mie nikacheka nao, kisha nikambembeleza siku tatu mpaka akagonga ili nimwondokee. Katikati zikaingia sikukuu, kisha mtu wa kaunta ya tatu akawa likizo. Muhuri wa tatu nikaupata tarehe ishirini na moja Disemba. Buluu, buluu na mwekundu. Nilikitazama kile cheti kama mtoto wangu kafaulu mtihani.

Kikakufikia tarehe tano Januari, na fundi akaja tarehe tisa. Muda wote huo, dada, jiko liko kwenye boksi bandani, Hatem anaanika glavu zake juu yake, na mama analala na soksi jozi mbili na kofia ya Hatem. Kila nikipiga simu ananambia nisijisumbue kwa ajili yake, anajua nnawashughulikia.

Katikati ya Januari nikapanda ghorofa ya juu hapo ofisini, kwa Joy, Mkenya mmoja anayeandika hesabu za kampuni, na kila mwaka huwajazia fomu Wamarekani wawili waliomo humo. Nilikwenda kujisifu, si kuuliza. Nikamwonyesha picha ya mihuri yangu. Akaitazama kwa muda kisha akaniuliza, mzee, hiki ni cheti ama ni pasi ya kusafiria? Tukacheka wote. Halafu akaniuliza jiko liliwekwa lini nyumbani, nikamwambia tarehe tisa mwezi huu, na yeye akaacha kucheka.

Kanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Hakuna aliyetaka muhuri. Cheti kilikuwa cha kuweka kwenye mtoto wa meza yako, basi, siku wakikiuliza ukitoe. Na siku inayohesabiwa si ya risiti, ni ya jiko kumaliza kufungwa ndani ya nyumba, na nafuu hiyo serikali yao imeikata tarehe thelathini na moja Disemba. Mmepitwa kwa siku tisa. Nikamuuliza hakuna mtu wa kwenda kumbembeleza? Akasema, Mahfoudh, huko hakuna kaunta ya kubembeleza. Pole.

Nikashuka ngazi nikarudi kazini. Wiki mbili sikukwambia. Nilikuwa nasubiri nikutafutie maneno mazuri.

Juzi mama kanipigia mwenyewe, sauti chini. Kanambia mtu wa kodi wa huko kasema zile dola hazirudi, Hatem amenuna, chakula anakula peke yake, na wewe umemwambia mie nilishakuruhusu fundi aje mapema, ni wewe uliyesahau kumwita. Mama hajui kwa nini umesema hivyo, maana alikuwapo siku zote na anajua hukusahau kitu. Mie najua. Umeniogopea aibu, mie mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Tokea juzi hiyo sijala vizuri, na Manal kaniuliza mara nne nna nini.

Tiketi ya mama nimekata. Ni ya tarehe kumi na nne mwezi huu, na nimeomba asukumwe kwa kigari viwanja vyote vya ndege. Nakala nimeitia humu, na barua naituma kwa posta ya haraka iwahi kabla ya safari. Ramadhani atafuturu kwangu, kitanda chake kishawekwa dirishani. Usiulize pesa. Basi, najua utauliza: nimeliuza gari langu, ile Corolla. Kainunua mvuvi wa Qantab, sasa inabeba samaki, na nadhani ina furaha kuliko ilivyokuwa kwangu.

Nisalimie Hatem, umsomee barua hii yote, hata pale pa balozi. Mwambie aliyechelewesha ni mie, mke wake alifanya alichoambiwa. Mbusu Noof machoni. Mwambie mama asibebe chakula cha kuku kwenye sanduku, huku hatuna pa kukichomea. Manal anakusalimu sana na anakuombea.

Na ukiniandikia, usiandike tena Mkuu wa Kitengo juu ya bahasha, vijana wa ofisini wanazitundika ukutani. Gari lenye dereva ni basi la mji. Kitengo hakipo, wala hakijapata kuwapo. Mie ni mandub, dada, nachukua karatasi za watu nakwenda kuzipangia foleni zigongwe muhuri, na hiyo ndiyo kazi yangu tangu siku ya kwanza. Nilikudanganya.

Mdogo wako,
Mahfoudh